Inzi wa embe: Jina limebadilika, hasara imebaki

MWANZONI mwa mwaka 2003, watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu jijini Nairobi, walikuta katika mwambao wa Kenya inzi wa matunda ambaye hakuwamo katika orodha ya inzi wa Afrika. Mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Haikuchukua muda mrefu akawa ameripotiwa Uganda, Sudan, Benin, Cameroon na hata Senegal.

Inzi huyo hakuwa na jina.

Kwa mkulima wa maembe wa Mkuranga au Makueni, jina la kitaalamu la mdudu si jambo la kumkosesha usingizi. Kinachomkosesha usingizi ni embe dodo lililoiva vizuri kwa nje, lakini likikatwa linakutwa limejaa funza. Hata hivyo, katika biashara ya mazao ya nje, mdudu asiye na jina ana madhara yake, na mdudu aliyepewa jina lisilo lake ana madhara yake pia.

Sisi wachumi wa kilimo tumezoea kuhesabu tani na bei, mambo ya darubini tukawaachia wenye darubini. Historia ya inzi huyu inaonyesha kwamba hesabu ya tani haikamiliki bila kujua kilichoonekana kwenye darubini hiyo. Katika makala haya tutaangalia mwili wake, jinsi wataalamu walivyompa jina kisha wakamnyang'anya, na maana ya hayo yote kwa mfuko wa mkulima.

Si nyigu, wala si inzi wa jikoni

Inzi tunayemzungumzia ana urefu wa takriban milimita nane. Analingana na inzi wa nyumbani au kumzidi kidogo, ila ni mwembamba zaidi. Rangi yake ya kahawia, nyeusi na njano humfanya afanane na nyigu mdogo, na ndivyo wakulima wengi wanavyomchukulia wakimwona ametua kwenye embe.

Tofauti ipo kwenye mabawa. Nyigu ana mabawa manne, inzi ana mawili. Mahali ambapo pangekuwa na jozi ya pili, inzi ana virungu viwili vidogo sana vinavyomsaidia kujiweka sawa anaporuka. Ndiyo maana kundi zima la inzi na mbu likaitwa Diptera, neno la Kigiriki lenye maana ya mabawa mawili.

Ndani ya kundi hilo kuna familia nyingi, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Vijidudu vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni navyo huitwa inzi wa matunda. Hao ni wa familia nyingine, Drosophilidae, na kwa kawaida hufuata tunda ambalo limekwisha kuanza kuharibika.

Mharibifu wetu ni wa familia ya Tephritidae, ambayo ina spishi zaidi ya 4,000 duniani. Huyu hasubiri tunda lioze. Analifuata likiwa zima mtini, na yeye ndiye anayeanzisha uozo.

Silaha yake ipo mwishoni mwa tumbo la jike. Pale pana mrija unaorefuka na kufupika kama fimbo ya simu ya upepo, na ndani yake mna sindano ngumu yenye ncha kali. Si mwiba wa kuuma mtu. Kazi yake ni kutoboa ganda la tunda na kuacha mayai chini yake. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai katika maisha yake. Kwa nje kitobo ni kidogo kiasi kwamba mnunuzi wa jumla hawezi kukiona asubuhi ya siku ya soko, na pengine hata mkulima mwenyewe hakioni.

Katika hali ya joto, mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili. Funza anayetoka hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Ana ndoana mbili nyeusi mdomoni ambazo anazitumia kuchana nyama ya tunda. Akishakomaa hutoka, hujiangusha chini na kujichimbia sentimita chache ardhini, ambako anageuka pupa ya rangi ya kahawia inayofanana na punje ndogo ya nafaka. Baada ya siku kumi hivi inzi mpya anatokea. Yaani kutoka yai hadi inzi ni chini ya mwezi mmoja, na msimu wa maembe ni mrefu kuliko mwezi mmoja.

Sasa tazama hesabu hiyo kwa jicho la mtu anayenunua dawa. Yai limo ndani ya tunda. Funza yumo ndani ya tunda. Pupa ipo ardhini. Anayebaki nje, mahali dawa ya kupulizia inapoweza kumfikia, ni inzi mzima peke yake, naye anaweza kuwa amelala kwenye mti wa jirani. Mkulima anayenyunyizia sumu shamba zima kila wiki analipia dawa ambayo sehemu kubwa haimgusi mlengwa.

Kinachomwezesha mkulima kumkamata ni mdomo wa inzi huyo. Hana meno ya kutafuna. Ana kitu kama sifongo cha kulamba. Jike aliyetoka tu kwenye pupa bado hana mayai yaliyokomaa, na ili yakomae anahitaji protini. Kwa sababu hiyo, chambo cha protini kilichochanganywa na sumu kidogo na kunyunyiziwa sehemu chache tu za mti humvuta aje kulamba mwenyewe. Dawa inayotumika ni kidogo, na tunda haliguswi.

Alama za kumtambua

Ukimnasa, mwangalie mgongoni. Pembeni mwa kifua ana mistari miwili ya njano, na nyuma ya kifua, karibu na kiuno, ana sehemu ya njano mfano wa ngao ndogo. Usoni, chini ya papasi, ana madoa mawili meusi. Mabawa yake ni angavu kama kioo, yenye utepe mwembamba wa rangi nyeusi ukingoni mwa mbele na mstari mwingine wa mshazari karibu na mwili. Juu ya tumbo ana alama nyeusi yenye umbo la herufi T.

Alama hizo zinamtenga na inzi wenyeji wa Afrika wa jenasi ya Ceratitis. Hao mabawa yao yana mabaka na mikanda ya njano na kahawia, wakitembea juu ya tunda huonekana kama waliovaa kitenge. Miongoni mwao yumo Ceratitis cosyra, ambaye kabla ya 2003 ndiye aliyekuwa akisumbua maembe yetu kuliko wengine. Pia yumo Ceratitis capitata, ambaye asili yake ni Afrika lakini dunia nzima inamjua kwa jina la Mediterania. Dume wake ana nywele mbili kichwani zenye ncha pana nyeusi, kitu ambacho jike hana.

Kuna pia jenasi ya Dacus, ambayo wengi wake hushambulia matango, maboga na jamii yake. Kwa haraka unaweza kumdhania kuwa ni inzi wa embe. Lakini kwa Dacus, vipande vya juu vya tumbo vimeungana vikawa bamba moja, wakati kwa jenasi ya Bactrocera, ambayo inzi wetu ni mwanachama wake, vipande hivyo vimeachana. Kwa mkaguzi wa bandarini anayetakiwa kuamua kama kontena lipite au lisipite, mstari huo unaogawa tumbo la mdudu ndio unaoamua.

Hadi hapo hakuna mgogoro. Kila aliyemtazama inzi wa 2003 alikubali kuwa ni Bactrocera. Ubishi ulikuja kwenye swali la pili: Bactrocera yupi?

Jina la 2005

Huko Asia kuna inzi maarufu aitwaye Bactrocera dorsalis. Alielezwa kitaalamu mwaka 1912 na Hendel kutokana na inzi waliokusanywa katika kisiwa cha Taiwan. Kwa miaka mingi kila aliyefanana naye aliitwa kwa jina hilo. Kisha mwaka 1994, Drew na Hancock wakalichambua kundi hilo upya na kuligawa katika spishi nyingi, nyingine zikiwa zimetenganishwa kwa rangi ya kifua, upana wa utepe wa bawa au urefu wa ile sindano ya kutagia. Ndipo wakazaliwa, kwa maana ya majina, inzi kama Bactrocera papayae, Bactrocera philippinensis na Bactrocera carambolae.

Inzi wa Afrika alitokea wakati uchambuzi huo wa aina nyingi ndio uliokuwa unatawala. Alipowekwa chini ya darubini alionekana kuwa na kifua kinachobadilikabadilika: wengine chekundu cha kahawia, wengine cheusi kabisa, wengine mchanganyiko. Inzi waliofanana naye walikutwa pia Sri Lanka. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White wakamwandika kuwa spishi mpya, wakamwita Bactrocera invadens, yaani mvamizi.

Jina lilimfaa kwa tabia. Huko Nguruman nchini Kenya, ndani ya miaka minne tangu aonekane, alikuwa amefikia asilimia 98 ya inzi walionaswa kwenye mitego, na asilimia 88 ya waliotoka kwenye maembe. Yule mwenyeji wetu Ceratitis cosyra alisukumwa pembeni kwenye tunda alilokuwa akilitawala. Hasara za mavuno zinazotajwa kwa maembe zinaanzia asilimia 40 na kufika 80, kutegemea mahali, aina ya embe na msimu.

Kwa upande wa biashara, jina hilo lilikuja na bei yake.

Nchi inayoagiza matunda huwa na orodha ya wadudu inaowazuia mipakani. Ikiwa mdudu tayari yuko ndani ya nchi hiyo, ni vigumu kwake kuwakatalia wengine kwa sababu ya mdudu huyo huyo. Lakini mdudu mwenye jina jipya ni mgeni kwa kila mtu. Nchi za Asia ambazo zimeishi na B. dorsalis miaka nenda rudi zilikuwa na haki, kwenye karatasi, kumwogopa B. invadens wa Afrika kama mdudu wasiyemjua.

Majirani nao walifunga milango. Mwaka 2007 Afrika Kusini iliyazuia maparachichi ya Kenya kwa sababu ya inzi huyu. Hiyo haikumzuia inzi: mwaka 2010 alinaswa katika jimbo la Limpopo, akafukuzwa, akarudi, na kufikia 2013 ilibidi kukubali kuwa amekwisha kuweka makazi kaskazini mwa nchi hiyo.

Bei ya pili ilikuwa ya maabara. Ili tunda liruhusiwe, muuzaji lazima athibitishe kuwa njia anayotumia inaua funza wote walio ndani, iwe ni maji ya moto ya nyuzi 46 hivi kwa maembe au chumba cha baridi kwa parachichi. Ushahidi huo hutolewa kwa kila spishi peke yake. Kwa B. dorsalis ulikuwapo wa miaka mingi kutoka Hawaii na Asia. Kwa B. invadens haukuwapo kabisa, kwa hiyo majaribio yakaanza upya, kama lile la kuweka parachichi aina ya Hass katika nyuzi 1.5 kwa siku 18. Ni kazi nzuri, lakini inakula fedha na misimu, na wakati inaendelea mnunuzi anaendelea kununua kwingine.

Nisieleweke vibaya. Waliompa jina mwaka 2005 hawakufanya uzembe. Mdudu asiyejulikana alikuwa anasambaa kwa kasi, nchi zilihitaji neno la kuandika kwenye amri za karantini, na alama walizoziona zilikuwa za kweli. Swali lilikuwa iwapo rangi ya kifua inatosha kumfanya mdudu kuwa spishi nyingine.

Ndoa iliyoamua kesi

Swali hilo lilijibiwa kwa miaka kadhaa, katika mradi ulioratibiwa na FAO pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Shirika la atomiki lina maslahi yake katika suala hili. Ndilo linalosimamia mbinu ya kuzalisha madume wengi, kuwahasi kwa mionzi na kuwaachia mashambani ili majike wapandwe na madume wasiozaa. Mbinu hiyo haifanyi kazi kama dume unayemwachia si wa spishi moja na jike wa shambani. Kabla ya kujenga kiwanda cha inzi, ni lazima ujue nani anamkubali nani.

Basi wakawekwa pamoja ndani ya vizimba vikubwa vyenye miti, inzi wa Kenya na wale wa Asia. Walipandana bila kubagua, na watoto wao wakazaa. Vinasaba vyao vilipopimwa havikuonyesha mstari wa kuwatenga. Umbo la mabawa, kromosomu na sehemu za uzazi vikapimwa pia.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa harufu. Madume wa kundi hili huvutwa sana na kemikali iitwayo methili yujenoli, iliyomo katika mimea mbalimbali, mrehani ukiwa mmojawapo. Dume akiilamba, mwili wake huigeuza na kuihifadhi katika tezi iliyo nyuma ya utumbo, kisha jioni huitoa kama manukato ya kumwita jike. Manukato ya dume wa Afrika yalipochunguzwa yalikuwa na viungo vilevile vya B. dorsalis wa Asia. Yale ya B. carambolae yalikuwa tofauti, na huyo amebaki spishi yake mpaka leo.

Mwaka 2014 watafiti karibu 50 kutoka nchi mbalimbali walitangaza uamuzi: B. invadens na B. papayae wote ni B. dorsalis, na B. philippinensis vilevile. Kwa sheria za kutoa majina, jina la zamani ndilo linalobaki, hivyo lile la Hendel la 1912 likarudi. Drew hakukubali. Mwaka 2016 yeye na mwenzake Romig waliendelea kusisitiza kuwa inzi hao ni tofauti, na wenzao wakajibu. Mashirika ya karantini na wengi wa watafiti wameufuata uamuzi wa 2014.

Faida iliyopatikana, na isiyopatikana

Faida ya kwanza ni kwamba Afrika ilirithi maarifa ya karne nzima. Kila jaribio la joto, baridi, chambo na mtego lililofanywa kwa B. dorsalis huko Hawaii, Taiwan au Pakistan sasa linamhusu mkulima wa Kilifi na wa Muheza.

Kwa kweli baadhi ya watafiti walikuwa wamekwisha kuuchukua urithi huo kabla haujaidhinishwa. Nyigu wetu wa asili wanaotaga ndani ya funza hawakumweza mgeni. Mwili wake uliyazingira mayai yao na kuyaua. Mwaka 2006 ICIPE ikamleta Kenya kutoka Hawaii nyigu mdogo sana aitwaye Fopius arisanus, ambaye hutaga ndani ya yai la inzi. Alichaguliwa kwa sababu huko Hawaii alikuwa ameshusha idadi ya B. dorsalis tangu miaka ya mwisho ya 1940. Majina yalikuwa bado mawili, lakini waliomleta waliutazama ukoo.

Faida ambayo haikupatikana ni ile wengi waliyoitarajia, kwamba soko la Ulaya lingelegea. Mwaka huo huo wa 2014, Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya baada ya mizigo kukutwa na funza. Ulaya inawazuia inzi wa Tephritidae wasio wa kwake kwa ujumla wao, na tangu 2019 B. dorsalis yumo katika orodha yake ya wadudu 20 wa kuangaliwa kwanza. Wana sababu: mwaka 2018 alinaswa Italia. Kwa mkaguzi wa huko, funza ndani ya embe ni funza.

Kenya ilirudi kwenye soko hilo mwaka 2021. Ilichokuwa imekifanya katikati ya hapo ni kazi ya mashambani, hasa Makueni, ya kuandaa maeneo yenye inzi wachache yanayoweza kukaguliwa. Kwa maoni yangu funzo la kiuchumi liko hapo. Inzi haheshimu mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akitumia fedha kutega na kuokota maembe yaliyodondoka huku jirani yake ameyaacha yaozee chini ya mti, wa kwanza analipa na wa pili anazalisha inzi kwa ajili ya wote wawili. Kwa hiyo kitu cha kugharimia ni kijiji, au angalau kikundi cha mashamba yanayopakana, na hapo wizara na halmashauri zetu bado zinagawa ushauri kwa mtu mmoja mmoja.

Kikundi hicho kihesabu pia miti isiyo ya biashara. Mkungu ulio uani kwa ajili ya kivuli, mpera wa watoto, mng'ongo wa porini, yote humlisha inzi huyu wakati maembe hayapo.

Maembe yaliyodondoka yasifukiwe juujuu, kwa sababu pupa wamezoea ardhi. Yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani, au yawekwe ndani ya hema dogo lenye wavu. Hema hilo, lililobuniwa Hawaii, linategemea vipimo vya mwili: matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba inzi hapiti, lakini nyigu anayemuua, akiwa mdogo zaidi, anatoka na kurudi shambani. Wenye maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wasiharakishe kuwaua. Wanakera wakati wa kuvuna, lakini majike wa inzi huogopa kutua mahali walipopita.

Mtego mtupu usikudanganye

Kwa mkulima wa kawaida, anatomia na majina hukutana kwenye kopo la mtego. Methili yujenoli inavuta madume wa B. dorsalis. Haimvuti Ceratitis cosyra hata kidogo. Huyo anataka kivutio kingine. Mkulima anayenunua kivutio kimoja, akatundika kopo, akalikuta tupu na kupumua, huenda anapumua mapema. Kopo limemwambia tu kuwa madume wa spishi moja hawapo, basi. Na likijaa, waliojaa ni madume. Majike wenye sindano bado wapo mtini, na hao wanahitaji chambo cha protini.

Kwa wenye matango na matikiti, inzi wao mkuu, ambaye yumo Tanzania tangu miaka ya 1930, alikuwa akiitwa Bactrocera cucurbitae. Mwaka 2015 alihamishiwa jenasi ya Zeugodacus. Kivutio chake ni kile kile cha zamani, kyulua, nacho si methili yujenoli. Wauza pembejeo wasioyajua haya huuza chochote kilichopo rafuni.

Na uchambuzi haujaisha. Inzi mwingine wa kwetu, Ceratitis rosa, aligawanywa mwaka 2016 na De Meyer, Mwatawala na Virgilio. Mwatawala ni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye mitego iliyopangwa kutoka chini hadi juu katika milima ya huko. Safari hii mgawanyo ulisimama: madume wanatofautiana kwa umbo la mguu wa kati, vinasaba vinatofautiana, na hata makazi. Ceratitis rosa anapenda tambarare zenye joto. Mwenzake mpya, Ceratitis quilicii, anastahimili baridi ya miinuko.

Miinuko yenye baridi ndiko maparachichi yetu ya kuuza nje yanakopandwa kwa wingi sasa, Njombe na Rungwe zikiwa mfano. Huko B. dorsalis hustawi kwa shida, na kopo la methili yujenoli linaweza kukaa tupu msimu mzima wakati quilicii anaendelea na shughuli zake kwenye mpera wa jirani.